Saadani au Amani: pori lipi lina kitanda kizuri na sahani nzuri?

Mkaazi wa Tanga mjini anayetaka siku tatu nne za porini, lakini hataki kulala chini wala kushindia biskuti, ana njia mbili zilizo karibu. Moja inateremka kusini kupitia Pangani hadi Hifadhi ya Taifa ya Saadani, pori linapokutana na bahari. Nyingine inapita Muheza na kupanda Usambara Mashariki hadi Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Wengi huzilinganisha kwa wanyama, na hapo Amani inashindwa mapema, kwa kuwa haina hata twiga mmoja. Mimi naanzia jikoni. Nani atapika, chakula kitatoka wapi, na je, yuko mmoja wenu atakayeinamia sufuria wakati wenzake wanatazama machweo? (Mara nyingi ni mama, naye ndiye aliyeihitaji mapumziko kuliko wote.) Jibu la maswali hayo ndilo linaloamua kama safari itakuwa ya raha au ya kuvumiliana.

Jiko la Saadani

Loji za Saadani, ziwe za ufukweni au za kando ya Mto Wami, huuza kitanda na milo mitatu kwa pamoja. Hawafanyi hivyo kwa kiburi. Hakuna soko la maana karibu. Kijiji cha Saadani ni cha wavuvi na wafanyakazi wa mashamba ya chumvi, na duka lake lina sukari, sabuni, unga na vocha. Nyanya, karoti, maziwa na mayai ya kulisha wageni kila siku lazima vitoke mbali, na gharama ya gari lile inaingia kwenye bei ya chumba chako. Kwa hiyo ukiona bei ukashtuka, jua kwamba sehemu yake ni safari ya kabichi.

Kitu kisichosafiri ni samaki. Pwani ile, hasa karibu na mdomo wa Wami, ina sifa ya kamba, na sababu iko wazi: mto unamwaga matope yenye rutuba, mikoko inayashika, na kamba wachanga wanakulia humo humo kwenye mizizi kabla ya kutoka baharini. Ukifika wakati wavuvi wamepata, utakula kamba waliotoka majini asubuhi ile. Changu na kolekole nao hawakosekani kwa muda mrefu.

Tatizo la meza za loji nyingi ni kwamba zimepangwa kwa ajili ya mgeni wa Ulaya. Supu ya maboga, samaki wa kuchoma aliyepakwa ndimu kidogo, viazi, saladi. Si chakula kibaya, lakini siku ya pili mtu wa pwani anaanza kuwaza mchuzi wa nazi. Dawa yake ni kusema mapema. Wapishi wengi kule ni watu wa pwani kama wewe, na mpishi anayepika tambi kila siku hufurahi mtu akimwomba wali wa nazi, mchuzi wa samaki uliokolea ukwaju na kachumbari yenye pilipili. Mwambie jioni kwa ajili ya kesho, kwa sababu nazi zenyewe huenda zikahitaji kutafutwa.

Ipo njia ya pili ndani ya Saadani. Hifadhi ina mabanda yake, nyumba ya kulala wageni na viwanja vya kambi, vyote kwa bei inayobebeka kuliko loji. Hapo jiko ni lako. Beba mchele, mafuta, viungo, mkaa na maji ya kunywa, kisha asubuhi nenda ufukweni kijijini mashua zinaporudi ununue kitoweo. Funga kila kitu ndani. Nyani na ngedere wa kule wanaijua mifuko ya plastiki kuliko wanavyolijua pori, na mkate ulioachwa mezani dakika mbili ni sadaka.

Jiko la Amani

Huku mambo yamegeuka. Hifadhi imezungukwa na vijiji, na miteremko yake imejaa iliki, ndizi, mihogo, magimbi, maparachichi, mafenesi na mashamba ya chai. Chakula hakiletwi na gari, kinatembea kwa miguu kutoka shambani hadi jikoni. Nyumba za kulala wageni za hifadhi ziko mbili, moja Zigi, chini kwenye lango, na nyingine juu Amani kwenyewe. Mpishi hupika kwa kuagizwa: mwambie leo, kesho kuna kuku wa kienyeji. Usipoagiza utakula wali na maharage, ambao nao kwa baridi ya jioni ni chakula cha kifalme.

Asubuhi ndipo Amani inapowapiku wenzake. Majani ya chai yamevunwa kwenye vilima unavyovitazama, iliki imekaushwa na jirani, maziwa yametoka kwa ng'ombe wa kijijini, na pembeni kuna magimbi ya kuchemsha au parachichi lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto. Sijaona loji yenye vitambaa vyeupe mezani inayoweza kushindana na kikombe kile.

Kinachokosekana ni samaki wabichi, vinywaji baridi vya uhakika na mikate. Pitia soko la Muheza. Nunua nazi, dagaa au papa mkavu, ndimu na pilipili, na kama ni katikati ya mwaka chukua machungwa, maana Muheza ndiko yanakotoka na bei yake pale ni tofauti kabisa na ya Dar es Salaam. Mpe mpishi nazi na papa, umwachie kazi. Wabondei na Wasambaa wa kule hawahitaji kufundishwa kuunga kwa nazi, na ukiomba bada, ule ugali wa muhogo, utapata.

Zipo pia kambi binafsi chache milimani zenye mahema ya kudumu na milo ya kupangwa, kwa anayetaka msitu wa Amani na mhudumu wa mezani kwa pamoja. Bei inapanda, lakini bado haifiki ya ufukweni Saadani.

Kwa chakula, basi, uamuzi wangu ni huu: Saadani ina kitoweo bora na Amani ina mapishi bora. Asiyetaka kabisa kufikiria chakula aende loji ya Saadani alipe. Anayetaka kula kama nyumbani bila kupika apande Amani.

Usiku

Kitanda cha Saadani, kwenye loji nzuri, ni kikubwa, chandarua kinaning'inia toka juu, choo na bafu viko ndani ya hema, na kibaraza kinatazama bahari. Joto lipo, ila upepo wa bahari unalikata. Kizuizi chake ni kwamba jua likizama hutembei ovyo. Kiboko hutoka majini usiku kula majani, nyati hawana adabu, na simba wapo japo wachache. Unasindikizwa na askari kutoka mezani hadi chumbani, na baada ya hapo umelala. Kwa wawili waliotoka fungate hilo ni jambo jema. Kwa familia yenye vijana watatu wenye nguvu, saa mbili usiku ndani ya hema ni ndefu.

Amani ni kinyume chake. Chumba ni cha kawaida: kitanda, blanketi, bafu, na maji ya moto ambayo pengine yatakuja kwa ndoo. Lakini usiku ndio wakati wa kutoka. Mwongozaji anachukua tochi, mnatembea polepole kando ya barabara, na vinyonga waliolala kwenye matawi wanaonekana weupe kwenye mwanga kama karatasi zilizosahaulika. Vyura wanaimba kila mmoja kwa sauti yake. Hakuna mnyama wa kuwala. Angalieni siafu tu, na msivae kandambili.

Mimba changa, mzee mwenye magoti, mtoto wa mwaka mmoja: kwa hao loji ya Saadani ni rahisi, kwani kila kitu kiko tambarare na gari linafika hadi mlangoni. Kwa bibi anayependa kukaa barazani na sweta akinywa chai, Amani, tena chumba cha chini.

Mtakachokiona

Saadani ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 1,100, na ndiyo hifadhi ya taifa ya Tanzania inayojulikana kwa kuwaweka wanyama wakubwa wa nyika na Bahari ya Hindi mahali pamoja. Twiga, nyati, tohe, kuro, kongoni, ngiri na tembo wapo. Palahala pia, kwa mwenye bahati. Ile picha ya tembo anayetembea kwenye mchanga wa ufukweni ni ya kweli, lakini usilipie safari kwa ajili yake. Anayetegemea makundi ya Serengeti atanung'unika. Wanyama wa Saadani ni wachache zaidi na wana aibu, na nyasi zikiwa ndefu hata nyati anapotea.

Kilicho bora kule, kwa maoni yangu, ni boti ya Mto Wami. Saa mbili tatu juu ya maji, viboko wakipuliza pua, mamba kwenye kingo, furukombe juu ya mti na mbega kwenye matawi yanayoinamia mto. Mashamba ya chumvi nayo huvuta heroe, na ukanda wa Madete, kaskazini mwa hifadhi, ni mahali kasa wa kijani wanapopanda kutaga. Bahari yenyewe, niseme wazi, si ile ya buluu ya kwenye kalenda. Matope yale yale yanayolisha kamba yanaifanya iwe ya kahawia. Mwenye kiu ya kuogelea kwenye maji maangavu alale usiku mmoja Ushongo, kusini ya Pangani, na aombe apelekwe Maziwe. Kisiwa hicho kilikuwa na miti, sasa ni mchanga mtupu ambao maji ya bamvu hufunika wote, kwa hiyo boti huondoka kwa kufuata maji kupwa, si kwa kufuata saa yako ya mkononi.

Kuna jambo la Mkwaja linalonivutia kila ninapopita. Sehemu kubwa ya kaskazini mwa hifadhi ilikuwa ranchi ya ng'ombe tangu miaka ya 1950, ikafungwa mwaka 2000. Mbung'o na ugonjwa wa nagana walikuwa miongoni mwa maadui wake wakubwa kwa miaka yote hiyo. Mbung'o hao bado wapo na hawajasikia kwamba ng'ombe wameondoka. Acha nguo za buluu na nyeusi nyumbani, kwa sababu rangi hizo zinawavuta. Kaki na kijivu zinafaa. Kuumwa na mbung'o mchana ni adhabu ambayo hakuna chakula cha loji kinachoifuta.

Amani inataka macho ya namna nyingine. Wajerumani walianzisha hapo kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, wakapanda miti ya kutoka kila pembe ya dunia kujaribu kipi kitafaa koloni lao: mikarafuu, midalasini, mipira, miti ya dawa. Bustani hiyo ya mimea bado ipo, na kutembea ndani yake na mwongozaji anayekupa jani moja moja ulivunje na kulinusa ni somo lisilochosha hata kwa mtoto. Hata madhara yake unayaona: mti wa Maesopsis eminii, ulioletwa na wageni, umetoroka na kuingia msitu wa asili, ukapata pa kukaa. Hifadhi yenyewe, kama inavyojulikana leo, ni ya mwaka 1997.

Msitu huo una ndege na mimea isiyopatikana mahali pengine popote nje ya milima hii na jirani zake. Watazamaji wa ndege huvuka bahari kuja kumtafuta bundi wa Usambara, nasi tulio mwendo wa saa mbili hatujui hata kama yupo. Kile kiua kidogo cha zambarau kinachouzwa kwenye vyungu madirishani Ulaya kilitoka huku Tanga. Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani, alipeleka mbegu zake kwao mwanzoni mwa miaka ya 1890, kikapewa jina lake. Ukikiona Amani kimejibanza kwenye jiwe lenye ukungu, utajua kwa nini watu walikihangaikia. Pale Zigi, nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni, enzi za reli ndogo iliyopanda kutoka Tengeni, ndiyo wageni wanapopokelewa. Na maji ya Mto Zigi unayoyasikia usiku ndiyo yanayoishia kwenye bwawa la Mabayani na kutoka bombani kwako Tanga mjini.

Hapa ndipo naegemea upande mmoja. Kama watoto wenu hawajawahi kuona mnyama mkubwa, nendeni Saadani, msibishane. Kama wameshaona, Amani itawakaa kichwani muda mrefu zaidi, kwa kuwa wataitembea kwa miguu yao badala ya kuitazama kupitia dirisha la gari.

Majira

Kiangazi chetu cha Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mji ukichemka, ni wakati wa Amani: kituo kiko juu ya mita 900, hewa ni nyepesi na njia zimekauka kwa kiasi. Nasema kwa kiasi kwa sababu Amani hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, na hakuna mwezi ambao unaweza kuapa kwamba hautanyesha. Juni hadi Agosti ni baridi na ukungu. Wengine wanaupenda, wengine wanashinda ndani ya blanketi.

Saadani inafaa nyakati zote mbili za ukavu, Januari na Februari kisha Juni hadi Septemba. Juni nyasi bado ni ndefu. Agosti na Septemba zimepungua, joto ni la wastani, na wanyama wanasogea kwenye maji. Masika, Machi hadi Mei, achaneni na Saadani: udongo mweusi wa kule ukilowa unameza gari, na loji nyingine hufunga.

Barabara na malipo

Amani: lami hadi Muheza, kisha zaidi ya kilomita 30 za kona. Kiangazi gari la kawaida lililoinuka kidogo hufika Zigi bila shida. Kutoka Zigi kwenda juu kunataka dereva asiyeogopa utelezi. Usafiri wa abiria upo kutoka Muheza, kwa kawaida unapanda mchana na kushuka alfajiri.

Saadani kutoka Tanga ni zaidi ya kilomita 100 kwa njia ya Pangani, Bweni na Mkwaja. Barabara hiyo ya pwani hadi Bagamoyo, pamoja na daraja la Mto Pangani, imekuwa kwenye ujenzi, kwa hiyo ulizeni hali yake wiki mnayosafiri na kama mtavuka kwa kivuko. Aliye Bagamoyo anapita Makurunge na anafika mapema kuliko sisi. Chukueni gari lenye nguvu ya magurudumu yote manne, kwa sababu hata mkifika loji kwa gari dogo, hamtaweza kuzunguka hifadhini nalo.

Watanzania wanalipa kiingilio kwa shilingi, kiasi kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni, lakini lipeni mkijua kwamba Saadani gari lina ada yake, boti yake na askari wake. Amani ada ni chache na kubwa ni ya mwongozaji, ambaye msijaribu kumkwepa: bila yeye msitu ni majani tu. Malangoni fedha taslimu hazipokelewi. Mtapewa namba ya malipo mlipe kwa simu au benki. Mtandao ukiyumba mnasubiri, hivyo ni heri kuomba namba hiyo kabla ya kuondoka mjini.

Sitasahau wanaouliza Lushoto. Kama neno "porini" mmelisema tu lakini mnachotaka ni baridi, mkate na jibini, basi pandeni Mombo hadi Lushoto, kilomita 33 za lami. Irente wanatengeneza jibini, jamu na mkate mzito wa Kijerumani. Mapadri wa Sakharani, karibu na Soni, wana mvinyo na makadamia. Na msitu wa Magamba uko juu ya mji kwa anayetaka kutembea. Ni mapumziko mazuri sana. Pori lake ni la asubuhi moja.

Wageni huambiwa Tanga waja leo waondoka leo, na wapo wanaojaribu kuifanya Saadani hivyo: kutoka alfajiri, kurudi usiku. Wanaona vumbi na ngiri wawili. Saadani inataka usiku mbili, Amani vilevile. Mwenye siku tano aanze Amani, ateremke Muheza, alale Pangani, kisha amalizie Saadani, ili mwili uliochoka kupanda vilima upumzike kwenye kiti cha loji. Kwa mpangilio wa kinyume, mtu aliyezoea kuhudumiwa anafika Amani na kuuliza kwa nini hakuna orodha ya vyakula.

Mkipiga simu Saadani, ulizeni jenereta linazimwa saa ngapi na kama feni inaendelea baada ya hapo. Ulizeni kama bei waliyowatajia ina kiingilio cha hifadhi ndani yake au la, kama watoto wana bei yao, na kama boti ya Wami inaondoka siku mtakayokuwepo. Mkipiga simu Amani, ulizeni maji ya moto, idadi ya mablanketi, na mpishi anataka taarifa ya siku ngapi kumpata kuku. Kote kuwili ulizeni kitoweo cha jioni ya kwanza ni nini, maana mtafika mmechoka na hakuna atakayekuwa na subira ya kusikia kwamba mkaa ndio kwanza unawashwa.